Samaki wa Kwenye Nduwa

Nilipoolewa Kilema nilikuta vijana wanaokula samaki kwa kujificha. Wazee wa pale, sawa na wazee wa kwetu Sanya Juu, walimhesabu samaki kuwa ndugu wa nyoka, na mama mkwe wangu alifariki bila kuonja hata dagaa. Vijana walikuwa wakishuka Moshi mjini, wanakula sato, halafu wanasukutua mdomo kabla ya kupanda kurudi nyumbani. Kwa hiyo siku niliposhusha matangi matatu ya kioo kutoka kwenye pikapu na kuyaingiza kwenye stoo yetu ya zamani ya kahawa, sikutegemea kupigiwa vigelegele. Kilichowaudhi watu zaidi ni kwamba samaki wenyewe hawakuwa wa kula. Mwanamke mzima, ana ng'ombe wawili, ana migomba, ana mume, anafuga samaki wa kutazama.

Waliponiuliza kama ni kweli, niliwajibu kama ninavyojibu siku zote nikiulizwa jambo la kunisuta. Nilisema, “Ndiyo.”

Matangi hayo nilipewa na mwanamke aliyenifundisha kazi. Alikuwa mama wa Kiislamu wa pale mjini, mwenye duka lililouza chakula cha kuku upande mmoja na samaki wa mapambo upande wa pili. Nilianza kwake kama mfagiaji, nikaishia kuwa msimamizi wa upande wa samaki kwa miaka kumi na moja. Samaki walikuwa wakija kwa basi kutoka Dar, ndani ya mifuko ya plastiki iliyojazwa hewa, na asubuhi ya mzigo hakuna aliyekunywa chai mpaka mfuko wa mwisho umefunguliwa. Alipofunga duka kwa uzee alinipa matangi hayo pamoja na samaki waliokuwamo.

Waliokuwamo walikuwa kambale wa Amerika ya Kusini. Mtu akisikia kambale anafikiria yule wa mtoni, mweusi, ngozi tupu, anayekua mpaka anatisha. Hawa wa kwangu ni kitu kingine. Wamevaa vigae vya mfupa mwili mzima, mdomo uko chini, na wanaganda kwenye kioo wakilamba ukungu wa kijani kutwa nzima. Wafanyabiashara huwaita wote pleko, wakubwa na wadogo, wapole na wakorofi, na hapo ndipo balaa linapoanzia. Wakiwa na urefu wa kidole wote wanafanana. Mmoja atakomea kwenye kiganja chako. Mwingine, ukimlisha vizuri, atafika urefu wa mkono kuanzia kwenye kiwiko, atavunja hita, atang'oa kila ulichopanda, na ukimweka kwenye bwawa la udongo atachimba mashimo kwenye kingo kama panya.

“Mpandishe kwenye wavu,” mama wa dukani alikuwa akiniambia. “Usimtazame madoa, mwanangu. Madoa yanadanganya. Hesabu vijiti vya pezi la mgongoni.”

Basi nilikuwa nikimpandisha samaki kwenye wavu uliolowa, nikimfungua pezi kwa ukucha taratibu, nikihesabu. Unaacha ule mwiba mgumu wa mbele, unahesabu vijiti vinavyofuata. Katika aina mbili zilizokuwa zikiletwa dukani kwetu, mwenye vijiti saba ndiye mdogo, yule ambaye dume lake likikomaa huota vinyama puani kama ndevu. Mwenye kumi na kuendelea ndiye mkubwa.

“Na huyo wa kumi na kuendelea,” mama alisema, “kabla hujamfungia mteja, muulize nyumba yake ina ukubwa gani.”

Wangu wote walikuwa wa vijiti saba. Nilijua hivyo kama ninavyojua idadi ya watoto wangu. Niliwawekea visiki vya mibuni mikongwe tuliyokuwa tumeing'oa, kwa sababu wanapenda kukwangua mti, na mti wa mbuni ni mgumu hauozi haraka. Maji nilichota mferejini, nikayaacha kwenye ndoo kutwa nzima yatulie. Mwezi wa saba baridi ikizidi na umeme ukikatika, nilikuwa nikiyafunika matangi kwa blanketi. Mume wangu alilalamika mara moja tu kwamba blanketi la wageni linalala na samaki. Nilimwambia wageni wetu huja Krismasi, baridi huja Julai.

Miaka mitano ilipita hivyo, watu wakinicheka na mimi nikiendelea. Kisha kikaja kiangazi kile ambacho mfereji ulipungua mpaka ukawa uzi.

Kwetu mfereji si wa mtu mmoja. Unatoka juu msituni, unapita kwenye vihamba vyote, mashamba ya migomba ya kila nyumba, na njiani kuna nduwa, bwawa dogo la udongo la kukusanyia maji ili kila nyumba ipate zamu yake. Kamati ya mfereji ndiyo inayopanga zamu, na mwenyekiti wake alikuwa shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu. Bila zamu hiyo, kiangazi, huna maharage, huna mboga, na majani ya ng'ombe unayanunua au unalia.

Siku ya usafi wa mfereji wanaume walikuta sehemu ya ukingo wa nduwa imemomonyoka, ina mashimo. Ndani ya shimo moja mtu aliingiza mkono akautoa anapiga kelele. Walimvuta samaki mwenye vigae na madoadoa, mrefu kama mkono wangu kuanzia kiwiko, wakamkata kwa panga, wakamtundika kwenye uzio apite kila mtu amwone. Saa hiyo hiyo shemeji alikuja nyumbani akiwa bado na tope magotini.

“Shemeji,” alisema, “nyoka wako ametoboa nduwa.”

Nilimwambia samaki wangu wote wako stoo na ninaweza kumwonyesha mmoja mmoja. Hakutaka kuonyeshwa. Alisema kamati imekaa palepale mferejini na imeamua. Nipeleke jani la isale na debe la mbege, pombe yetu ya ndizi, kuomba radhi, na nimwage samaki wote wafe. Nisipofanya hivyo, zamu yangu ya maji inafungwa mpaka mvua za masika.

Anayeishi mlimani anajua uzito wa isale. Ni mmea wa kawaida, tunaupanda kwenye mipaka ya kihamba, lakini ukikata jani lake ukampelekea mtu uliyemkosea, umekiri, naye hana ruhusa ya kukukatalia msamaha. Ndugu waliotaka kuuana wamepatana kwa jani hilo. Nimeona kwa macho yangu. Hiyo ndiyo sababu sikuwa tayari kulibeba kama mtu anayebeba kuni.

“Ni jani tu, mama,” mume wangu aliniambia tukiwa mezani. “Mpelekee yaishe. Maharage yako kwenye maua.”

“Kama ni jani tu, mbona wanalitaka?”

Mume wangu ni mtu mwema anayeogopa kaka yake, na kwa miaka mingi nimelala na wema huo na woga huo. Nilikuwa na hasira naye zaidi kuliko niliyokuwa nayo kwa shemeji. Shemeji angalau alikuwa akiamini anachosema.

Nilishuka mpaka nduwa nikamtoa yule samaki kwenye uzio. Alikuwa amekauka juani, mgumu kama kiatu, lakini pezi la mgongoni lilikuwa zima. Nilikaa kwenye nyasi nikalifungua. Nilihesabu mara tatu. Kumi na viwili. Nilicheka peke yangu pale, kicheko cha mtu aliyeshinda kesi kabla ya kusikilizwa.

Kikao cha kamati kilikuwa Jumamosi, chini ya bati la ghala la ushirika. Niliwakuta wanaume saba kwenye benchi. Mkono mmoja nilikuwa na yule mkavu kwenye mfuko wa salfeti, mkono mwingine ndoo yenye dume langu kubwa kuliko yote, lenye ndevu zake. Niliwaamkia waliostahili shikamoo, kisha nikaomba nafasi.

“Hatukukuita uje na mboga,” mmoja alisema, wenzake wakacheka.

Niliwaacha wacheke. Nilimgeukia shemeji, ambaye ni mtu wa ng'ombe. Pale kwetu hakuna anayenunua ng'ombe bila yeye kumfungua mdomo na kuhesabu meno, na akisema ng'ombe ana miaka mitano, muuzaji aliyesema mitatu anatafuta njia ya kuondokea.

“Shemeji,” nilimwambia, “ukiletewa ng'ombe ukaambiwa ni mtamba, unamwamini muuzaji au unamfungua mdomo?”

“Namfungua mdomo.”

“Basi wafungue hawa.”

Alisita. Kushika samaki mbele ya watu halikuwa jambo dogo kwa mtu wa umri wake. Lakini nilikuwa nimemgusa kwenye kazi yake. Alianza na yule mkavu, akafungua pezi kwa ukucha wa kidole gumba, akahesabu kwa sauti kama anavyohesabu meno. Alifika kumi na viwili. Nikampandisha dume langu kwenye wavu. Akahesabu, akafika saba, akarudia, akafika saba.

“Sasa niambie kama hawa ni ukoo mmoja,” nilisema.

Hakusema ni ukoo mmoja. Alifuta mkono kwenye suruali na kusema zamu yangu irudi kama kawaida, Jumanne na Ijumaa. Hakuna aliyesema samahani. Wanaume saba walionitundikia kosa uzioni, na hakuna hata mmoja aliyefikiria kuniletea isale mimi. Nilitembea kurudi nyumbani na ndoo yangu, kichwa juu, nikawaamkia hata watu nisiowapenda.

Ningeachia hapo kama ningekuwa na akili ya kutulia. Lakini nilikuwa nimeonja kushinda, nikataka niwaletee na mwenye samaki. Juu yetu, kabla mfereji haujaingia vijijini, kuna nyumba ya wageni wanaokuja kwa ajili ya mlima, na bustanini kwao kuna bwawa la saruji. Jumatatu nilipanda. Nilimkuta mtunza bustani akifagia majani, mtu wa makamo, mwenye adabu zake. Nilimuuliza kama wana samaki wenye vigae.

“Tunao wawili,” alisema. “Walikuwa wanne. Walikua wakawa wakubwa mno, wakawa wanagongana. Meneja akasema wawili tuwaachie kwenye mfereji, wajitafutie.”

Nilikuwa nimeshaanza kupanga maneno ya kumpelekea shemeji. Nikamuuliza waliwanunua wapi, ili nikamilishe ushahidi.

Alinitazama vizuri. “Kwako, dada. Pale duka la chakula cha kuku. Nilikuja na meneja. Ulituambia hawazidi kiganja.”

Nikakumbuka. Ilikuwa mwaka wa mwisho wa duka, siku ya mzigo, watu wamejaa. Mfuko ulikuwa umeandikwa pleko, na wa juu niliowapandisha kwenye wavu walikuwa wa saba, wawili, watatu. Meneja alikuwa akiangalia saa yake. Wanne wale nilivyowachota nilitazama madoa tu, nikajua. Miaka kumi na moja kazini, nani anaendelea kuhesabu? Nilimfungia mfuko nikamwambia hawazidi kiganja, na sikumuuliza bwawa lake lina ukubwa gani.

Nilishuka ule mlima kwa haraka. Niliona aibu, halafu nikakasirika kwa kuwa nimeona aibu. Nilianza kujitetea njiani kwa sauti. Si mimi niliyewamwaga mferejini. Meneja angeuliza. Mfuko uliandikwa hivyo kutoka Dar. Yote yalikuwa kweli. Na hakuna mtu kijijini aliyejua, wala mtunza bustani hakuwa na habari ya kikao chetu. Zamu yangu ilikuwa imerudi. Kesho yake ilikuwa Jumanne, na maji yangeingia kwenye maharage yangu alfajiri.

Ila wawili walikuwa wamemwagwa, na mmoja tu ndiye aliyekufa. Mmoja peke yake hawezi kuzaa, lakini anaweza kuchimba. Na kama ukingo wa nduwa ungekatika kiangazi kile, kaya zote za chini yake zingekosa hata ule uzi. Nilifikiria pia atakakoelekea akiponyoka kwenda chini, kwenye maji ya joto, kwenye kingo za udongo. Nimeshawahi kutembea kwenye majaruba ya mpunga kule Mabogini nikaona kingo zilivyo nyembamba. Sijui kama maji yetu yanafika Mabogini, lakini yanafika kwa mtu.

Jumanne sikufungulia maji. Nilikata jani la isale mpakani, nikalifunga fundo kama inavyotakiwa, na kabla ya saa tatu nilikuwa nyumbani kwa shemeji. Alikuwa na wajumbe wawili, wanapanga zamu. Nilimpa jani kwa mikono miwili, nikamweleza kila kitu, duka, mfuko, wavu nilioacha kuutumia.

Aligusa fundo la jani kwa kidole gumba. “Juzi ulilikataa hili,” alisema.

“Juzi mlitaka nikiri kuwa matangi yangu yametoboa nduwa. Hayajatoboa. Hili la leo nimelileta mwenyewe.”

Mjumbe mmoja alinihurumia, au alinishangaa. “Ungenyamaza tu, mama. Maji ulishapata.”

“Mmoja bado yumo majini,” nilimwambia, “na nyinyi hamjui pa kumtafuta.”

Isale halikataliwi, nao hawakulikataa. Lakini shemeji alisema msamaha unaondoa ugomvi, hauzibi mashimo. Zamu yangu ikafungwa mpaka masika, kama walivyokuwa wamesema mwanzo. Nilikubali. Kisha akaongeza kwamba na samaki wa stoo wamwagwe, ili watu watulie. Hapo nilisimama.

“Maji chukueni, hayo ni haki yenu,” nilisema. “Stoo yangu hakuna atakayeingia. Nilikosea kwa kuacha kuhesabu, sikukosea kwa kufuga.”

Walitazamana. Shemeji alirudi kwenye kupanga zamu, nami nikahesabu hilo kuwa jibu.

Alhamisi walifungua nduwa maji yashuke, na mimi niliingia kwenye tope pamoja na wanaume, kanga imefungwa kiunoni. Niliwaonyesha: shimo lake huanza chini kidogo ya usawa wa maji, mdomo wake ni mpana kuliko wa shimo la kaa. Tulitafuta mpaka adhuhuri. Nilimkuta mwenyewe, upande wa kivuli. Nilimkamata nyuma ya kichwa na kwenye mkia, kama nilivyofundishwa, nikamtoa. Alikuwa mzima, amezubaa kwa baridi, mzito kama mtoto wa miezi mitatu.

Shemeji alinipa panga, mpini mbele. “Malizia mwenyewe,” alisema, na hakusema kwa ubaya. Wote walikuwa wamesimama wakisubiri.

Nilimfungua pezi nikahesabu kwa sauti mpaka kumi na viwili, kila mtu asikie. Niliyetakiwa kufanya hivyo miaka ile dukani ni mimi. Samaki huyu alifanya kazi ya samaki: aliwekwa akakua, akamwagwa akatafuta pa kuishi. Nilimwambia shemeji hivyo, kwa maneno machache kuliko haya. Kisha nikamtumbukiza kwenye ndoo, nikaomba wanipishe. Mmoja alinung'unika. Hawakunizuia.

Njia yote nilikuwa nikijiuliza nitamweka wapi. Matangi yangu yote matatu hayamtoshi hata kugeuka. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni, na bila shaka habari zilikuwa zimemfikia. Alichungulia ndani ya ndoo. Nilimsubiri aseme nirudi nikamwombe radhi kaka yake. Alikwenda bandani, akawasogeza ng'ombe, akaanza kusugua hori la saruji aliloliweka kwa ajili ya maji yao.

“Ng'ombe watanyweshwa kwa ndoo,” alisema.

Kiangazi chote nilibeba maji kichwani kutoka kwenye chemchemi ya chini, ya kunywa, ya ng'ombe, ya matangi na ya hori. Maharage yalikauka na maua yake. Mboga zilikauka. Nilizing'oa mchana kweupe, kila anayepita aone, na aliyenipa pole nilimwambia asante bila kuinamisha uso. Mtunza bustani wa kule juu nilimpelekea wavu, nikamwonyesha kuhesabu, na wale wawili waliobaki kwao hawatamwagwa, nimemwapisha.

Jumapili moja baada ya misa shemeji alipita nyumbani. Alijifanya anamtazama ndama, akalizunguka banda, akasimama kwenye hori. Samaki alikuwa ameganda ubavuni mwa saruji, anakwangua. Shemeji aliinama kumwangalia, mikono nyuma.

“Anakula nini?” aliniuliza.

“Mboga za majani,” nilimwambia. “Za kwangu zimekauka, shemeji. Lete za kwako.”

Akaenda kuzileta.